Maneno ya Penseli

Viwanja Sitini, Ifakara
Jumapili, baada ya Misa

Kwako Restituta, uliye Mlimba,

Tumsifu Yesu Kristo. Mpunga tumevuna, na kuku wa marehemu mama yako bado wanataga.

Nimekasirika. Ulipokuja kwenye arobaini yake, ukalala kwa shangazi yako Agnella, ulifungua sanduku la riwaya zetu lililohifadhiwa kwake na kufuta kwa kifutio kila neno aliloliandika mama yako pembeni.

"Mtoto kasafisha tu, kaka," Agnella ananiambia.

Kusafisha! Miaka thelathini nilimsomea mama yako Aurelia riwaya zile kwa sauti baada ya rozari, naye, penseli mkononi, akigombana na wahusika: "Mwongo huyu, asipewe mke!" Ndiyo maana nilizipenda. Hadithi zenyewe nyingine nimezisahau.

Imo ile ya baba aliyemfukuza bintiye kwa kuolewa bila ndoa ya Kanisa, kama nilivyokufukuza wewe. Nimeuinamisha ukurasa wake dirishani, kwenye mwanga. Kifutio hakiondoi mkwaruzo wa penseli. Pameandikwa: "Tadei, huyu ni wewe. Mrudishe mtoto." Hakuwahi kunitamkia, nami sikukifungua tena kitabu kile.

Ulifuta yote ili hilo moja lisinifikie. Nani alikutuma unihurumie? Miaka kumi nimepokea Komunyo nikiwa nimekufungia mlango, halafu wewe ndiye unayenifichia aibu!

Njoo na mumeo, mfikie hapa nyumbani. Maneno ya mama yako utayaandika upya, kwa wino, nami nikiwa nimeketi karibu nikiyasoma.

Baba yako,
Tadei