Diski ya Baba

Fahd mdogo wangu,

Chai imo kwenye chupa na mikate nimeifunika kwa kawa. Kula kwanza. Mawingu yakikusanyika, zianue karafuu. Mama amekwenda Madungu kwa shangazi.

~~Usiiguse kompyuta ya Baba.~~

Chuo kinaitaka kwa maonyesho, ikiwa tu vifaa vya ndani ni vilevile ilivyotoka navyo kiwandani. Ndiyo maana asubuhi niliifungua kwa pupa. Kibandiko cha nyuma kinasema 1994, lakini diski imeandikwa 1998. Nikakwambia mbele ya Mama, "Ndiyo tabia yenu mafundi wa simu, kubadilisha vitu vya watu!" Ukajibu, "Haya dada, mwizi ni mie," ukatoka bila kunywa chai.

Ulipoondoka niliichomoa diski. Ubavuni Baba ameandika kwa mkono wake: "Ya zamani imekufa. Hii nimeiweka mwenyewe, Aprili 1998." Wewe wakati huo hujaanza kutambaa. Nimekukosea, na nitalisema hilo mbele ya Mama vilevile.

Nimeshindwa kukaa nikisikiliza kama ni wewe unayebisha hodi. Nimekwenda Konde kwa Mzee Bakar, aliyekuwa fundi wa Baba. Huenda Baba alimwachia ile diski iliyokufa, na bado anayo. Nikiikosa, chuo kitaikataa kompyuta, nami nitaridhika.

Bisibisi iko chini ya karatasi hii, skrubu nne zimo kwenye kisosi. Ifunge kompyuta wewe.

Dada yako asiye na subira,
Rumaitha