Kamera Iliyoipoteza Droni

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa ufukweni Ilemela, vidole bado vinanukia sato wa kuchoma. Tumekuja kupiga picha magugu maji ziwani kwa droni. Asubuhi, kila tulipowasha kamera, droni ilipoteza setilaiti zinazoiongoza na kuyumba, karibu itumbukie majini. Bosi akasema anga la hapa lina tatizo, tufungashe, turudi Dodoma. Nikakumbuka redio zako zilivyokuwa zikikoroma ukiwasha feni karibu.

"Bosi, angani hakuna tatizo," nikamwambia. "Kamera ndiyo inaipigia kelele GPS, haisikii setilaiti."

Nikamwomba mama mchoma samaki kipande cha foili anayofungia sato. Akacheka: "Mwanangu, mnataka kuichoma hiyo ndege?"

Nikaizungushia kamera foili, lenzi nikaiacha wazi, nikausogeza waya wake mbali na antena ya GPS, tukairusha droni tena. Safari hii haikupoteza setilaiti hata moja. Ilikwenda mpaka kwenye magugu, ikarudi na kutua mbele ya miguu yangu. Yule mama akapiga vigelegele. Bosi alinipa mkono tu, kisha akanikabidhi rimoti: kesho narusha mimi.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Mungu awatunze.

Binti yako,
Neema