Ajvar ya Dirishani

Bilja, uko wapi? Pokea simu basi! Niko Skopje, kwenye tamasha la magari ya chakula, nimejifungia chooni nalia.

Nilionja magari matano, yote hamna kitu. La sita nikapewa ajvar, hoho nyekundu za kuchoma na kusaga, na kijiko kikanigandia mdomoni. Ni ya mama yangu! Ule moshi wake, Bilja, na zile mbegu anazoziacha makusudi!

Si mama aliniambia vidole vimekufa ganzi, mwaka huu hapiki, yuko Ohrid kwa mama mdogo anapumzika?

Nikainua macho. Yuko dirishani mwa gari, anahudumia. Mama! Kofia ya karatasi kichwani, vidole vyeusi kwa kumenya hoho.

Akanitazama usoni, akasema, "Nikuongezee, dada?"

Dada! Mimi! Mama aliyenizaa!

Nyuma yake bosi anafoka, "We bibi, foleni hiyo, acha porojo!" Macho ya mama yakaniomba ninyamaze.

Ningefanya nini? Nikanyoosha sahani. "Niongezee, mama."

Bosi akafurahi. "Umeona mteja mwenye adabu? Mpe na mkate."