Mkanda wa Kumi

Kuwait, 6 Februari 1999

Baba yangu,

Assalamu alaikum, wewe na mama. Nabusu mikono yenu nyote wawili. Sisi hatujambo. Rauf anakohoa na anavuta sigara vilevile, watoto wanakula kama wamekodiwa. Goti lako linaendeleaje? Na mama bado anapanda darini kulisha bata wake, au amekubali kupumzika?

Haya, tuingie kwenye kazi yetu. Tangu nikuandikie nimeona filamu tatu.

Ya kwanza ya polisi. Afisa anapigwa risasi ya bega, kesho yake anambeba mchumba wake ngazi za ghorofa tano. Nilimaliza kifuko changu cha mbegu za maboga nikahamia cha Rauf. Wewe husema filamu mbovu hupimwa kwa mbegu zilizotafunwa. Basi hii ilimaliza duka zima. Ya pili ni ile ya mjane na mpangaji wake. Nzuri, baba, nzuri kweli. Inakwenda polepole, na huyo mpangaji amepakwa rangi ya nywele hadi kwenye paji la uso, lakini mjane anapomenya kitunguu akisingizia kwamba ndicho kinachomliza, niliacha kutafuna kabisa.

Ya tatu sasa. Utaanguka kitini. Kwenye setilaiti wameonyesha Tiketi ya Nawal!

Ile yako! Ile uliyotusimulia kila mara mtu aliponuna nyumbani. Nawal amechoka na mumewe karani, amechoka na mama mkwe, anafunga sanduku, anakaa kwenye benchi la stesheni. Filimbi ya gari-moshi inalia, na yeye hainuki. Mwisho. "Huyo ndiye mwanamke mwenye akili," ulikuwa ukisema, na mama anakuna nazi ya keki wala hainui uso.

Nikamwita Rauf, nikamwambia njoo uone filamu ya baba. Filimbi ikalia. Mimi nikainuka nikapike chai, si najua imekwisha? Baba, Nawal akasimama! Akapanda behewani! Ikaendelea dakika kumi nzima. Yuko Iskandaria, ana duka la kushona, anakula aiskrimu kibarazani na kucheka mpaka anafuta machozi. Mumewe anakuja kumbembeleza. Anampa chai, halafu anamwonyesha mlango.

Rauf ananiuliza, "Ndiyo hii?" Kulikoni? Umesahau, au tuliona filamu mbili tofauti? Nijibu haraka, maana silali vizuri.

Binti yako,
Magda


Mansura, 20 Machi 1999

Magda binti yangu,

Wa alaikumu salaam. Sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Goti linauma ngazi za kupanda, za kushuka haliumi. Mama yako anakusalimu sana. Sikukuu inakaribia na anasugua nyumba kama tunaiuza. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya posta, na goti.

Nimeiona hiyo ya polisi. Wewe umelalamikia risasi, mimi nimelalamikia sauti: mtu anafunga mlango, mlio unafika akiwa keshakaa. Zamani mwendesha mitambo angefukuzwa kazi kwa hilo. Na nimeona moja ya vichekesho, watu wanaanguka majini mara nne. Ya kwanza nilicheka.

Ya mjane sijaiona. Wanasema ni ndefu.

Kuhusu ile nyingine, hao wa televisheni huongeza mambo yao. Usijisumbue. Wape watoto busu.

Baba yako


Kuwait, 5 Aprili 1999

Baba,

Assalamu alaikum, na sikukuu iwe imewaendea vizuri. Sisi wazima, Rauf kapunguza sigara hadi pakiti moja, tunamshangilia.

Huongeza mambo yao? Baba, wewe uliyekaa chumba cha mashine ya sinema miaka thelathini na moja? Yule mwigizaji wa Nawal sasa ni bibi mwenye wajukuu. Katika hizo dakika kumi ana miaka ishirini na tano na kiuno cha nyigu. Watu wa televisheni walimrudishaje ujana, kwa kumpiga pasi?

Nimeuliza huku. Jirani yetu Mama Wagdi, mtu wa Dumyat, anaikumbuka na aiskrimu yake. Mpishi wa shule ya watoto aliiona Asyut, anaikumbuka na chai ya mlangoni. Halafu nikampigia simu rafiki yangu Tahani, aliyekulia Mansura mtaa wa pili kutoka kwetu. Anasema mama yake aliiona pale sinemani kwako na Nawal alibaki benchini, hana shaka. Kwa hiyo Misri nzima Nawal aliondoka, isipokuwa Mansura.

Na Mansura mashine ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Sikulaumu, wallahi. Nataka kujua tu. Umenitia hamu mpaka nachoma wali. Mkanda uliungua? Ulipotea? Mwenye sinema alikuamuru? Na kwa nini mama hajaniandikia neno, yeye aliyeisikia hadithi hiyo kuliko wote?

Niliona pia moja ya jini katika chupa. Usiione.

Binti yako,
Magda


Mansura, 30 Aprili 1999

Magda,

Salamu kwako na kwa Rauf. Tunaendelea vizuri.

Mama yako hajakuandikia kwa sababu hajui. Unajua desturi yetu: barua ikija mimi naisoma kwa sauti, yeye anachambua majani ya mulukhia na kunikatiza. Barua yako ya Februari niliisoma mpaka kitunguu cha mjane, kisha nikarukia "binti yako". Akasema, "Mbona fupi?" Nikamwambia una kazi nyingi. Na hii ya pili nimemsomea sigara za Rauf na jini.

Sasa nikueleze, maana hutaniacha.

Mwaka sabini na moja, kiangazi. Tulikuwa tunaishi na mama yangu, Mungu amrehemu, na wewe ulikuwa na miaka mitano. Mama yangu alikuwa akimhesabia mama yako mikate, akimnusia sufuria, akimwita "mgeni" mbele ya majirani. Na mimi sikuwepo. Maonyesho matatu kwa siku, na sikukuu ndiyo kabisa, wengine wanakula nyama na mimi natia mafuta mashine. Nikirudi, nilikuwa nalala. Khalati wako Iffat, dada wa mama yako, alikuwa amefungua karakana ya kushona Iskandaria na alimwandikia mama yako aje.

Siku moja nikatafuta viatu uvunguni, nikakuta sanduku. Limefungwa tayari. Nguo zako juu, zimekunjwa vizuri.

Nilirudisha sanduku lilipokuwa, nikaenda kazini.

Jumamosi ikaletwa filamu mpya kutoka Kairo, mikanda kumi ndani ya makopo. Kama kawaida niliipitisha asubuhi peke yangu kuikagua. Ilipofika mkanda wa kumi jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Jumatatu saa tisa ndilo lilikuwa onyesho la wanawake, na mama yako hakukosa hata moja tangu tuoane. Akina mama wa Mansura wote walikuwa wanakuja na watoto na matango ya siki. Nikamwona akilini ameketi pale anamtazama Nawal akicheka kibarazani.

Kuna wanaume wangekaa na wake zao wakasema nao. Mimi nilichukua mkasi. Niliuacha mkanda wa kumi ndani ya kopo, nikabandika "Mwisho" kwenye mkia wa mkanda wa tisa. Mwenye sinema alikuwa pwani ya Ras al-Barr anaota jua, hakujua kitu. Nikaionyesha hivyo wiki tatu, kwa mji mzima, ili lisizuke neno.

Alhamisi ya wiki ile ile nguo zilirudi kabatini na sanduku likapanda juu yake. Nilifurahi, Magda. Nilijiona mjanja wa dunia. Lakini tangu uniandikie habari za Iskandaria na aiskrimu, najiuliza swali moja na halitoki kichwani. Alibaki kwa ajili yangu, au alibaki kwa sababu nilimficha mlango? Nikimwambia sasa, na yeye ana miaka hamsini na sita, nitakuwa nampa nini? Naogopa, mwanangu. Nimemuibia mtu maisha yake na nimekaa naye mezani kila siku.

Ukitaka kunijibu kuhusu hili, usitume nyumbani. Tuma kwa mkono wa Shukri kinyozi, uandike jina langu, Bayumi.

Baba yako


Kuwait, 14 Mei 1999
Kwa mkono wa Ustadhi Shukri, kinyozi

Baba mpenzi,

Salamu. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza jikoni, mara mbili nikiwa nimejifungia chooni ili watoto wasinione.

Sikukasirika. Nashangaa tu, nashangaa mno. Sikumbuki sanduku. Nakumbuka bibi na mikate yake. Je, ningekuwa mtu wa Iskandaria leo? Ningeolewa na nani? Na mama je, angekuwa na duka? Mikono ile inavyoshona, huenda angekuwa na maduka mawili.

Mwambie, baba. Si kwa sababu mimi nimekuja na televisheni yangu, ila kwa sababu hilo swali lako mwenye jibu ni mmoja tu, na yuko hapo hapo anachambua mulukhia. Sisi tunakuja Julai. Kama hujamwambia mpaka hapo, sitaweza kumtazama usoni, na yeye hunisoma kabla sijafungua kinywa.

Sijaona filamu yoyote mwezi huu. Kila nikiwasha nangoja tu kuona watakata wapi.

Binti yako,
Magda


Mansura, 9 Juni 1999

Magda,

Amani iwe nanyi. Mimi mzima wa mwili.

Shukri si mtu. Nimenyolewa naye tangu nina nywele za kunyoa, na ameniua. Barua yako ilipofika, akaona goti langu linaniuma, akasema ngoja nimpunguzie mzee mwendo. Akaipeleka nyumbani mwenyewe, akamkabidhi mama yako mlangoni na akanywa na chai! Mimi nilikuwa sokoni.

Niliporudi amekaa kwenye kochi, miwani puani, barua mapajani. Hakulia. Akaniambia, "Kaa, Bayumi. Leo nasoma mimi." Akanisomea yote kwa sauti, mpaka chooni, mpaka maduka mawili. Mimi nikitazama zulia.

Alipomaliza akauliza, "Miaka ishirini na nane umedhani sikujua?"

Magda, alijua tangu Jumatatu ile ile! Anasema ule "Mwisho" niliobandika ulikuwa wa filamu ya vichekesho ya wiki iliyotangulia, na mimi kwa pupa yangu nikaukata pamoja na sauti yake. Nawal yuko benchini roho inamtoka, na chini yake zinapigwa ngoma za harusi na vigelegele. Akina mama wakapiga makofi, na mke wa mwendesha mitambo, aliyeona kila filamu mara mbili bila tiketi, akasema moyoni, mume wangu ana mkono hapa. Akapata hamu ya kujua namficha nini. Kesho yake akamwambia mama yangu anakupeleka kwa daktari, akakubeba, akapanda basi hadi Tanta, ilikoonyeshwa pia, akaiona yote. Aliona Iskandaria. Aliona na kibaraza. Wewe ulilala, ndiyo maana hukumbuki.

Nikamuuliza, "Na ukarudi?"

"Nikarudi. Tangu tuoane sikujua kama kuna kitu unachokiogopa. Siku ile nikajua. Nikasema, basi mtu huyu atakuja atanieleza mwenyewe, ngoja nimpe nafasi. Nikatoa nguo sandukuni."

Nikacheka, mjinga mimi, kwa furaha. Hapo ndipo alipokasirika. Mama yako hapigi kelele, unamjua. Anashusha sauti mpaka unasogea kumsikia. Akasema, "Unacheka nini? Nimekungoja uniambie neno moja. Mama yako amekufa nikingoja. Magda ameolewa nikingoja. Kumbe wewe ulikuwa umekaa na raha yako, unadhani aliyeniweka hapa ni mkasi. Mimi nilikaa kwa akili yangu, Bayumi, na wewe ukajisifia."

Siku mbili hakusema nami ila "chakula tayari". Ya tatu akateremsha sanduku, akasema anakwenda kwa Iffat. Siku nane. Hakuomba ruhusa, na sikuwa na uso wa kumuuliza.

Alhamisi iliyopita nilimbebea sanduku mpaka stesheni, goti na yote. Tulikaa benchini. Gari-moshi la saa nne likaja, nikampandishia mzigo, akakaa dirishani. Hapo nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka muuza chai akageuka. Nikasema, "Usiende, Inshirah. Nakuomba. Siwezi nyumba ile bila wewe, na sikuweza siku ile pia."

Alinitazama mpaka filimbi ikalia. Akasema, "Nimekusikia. Nitarudi Alhamisi, na si kwa sababu umesema."

Leo ni Jumatano. Nimenyoa ndevu, na kesho asubuhi nitanyoa tena.

Baba yako