Baba Shiru, Sasa Nasikia Beringi

Mpenzi wangu Baba Shiru,

Huku Free Area baridi haijaisha tangu mvua ianze, na mahindi yanayoletwa kusagwa hayajakauka vizuri. Ungekuwepo ungeyakataa, kisha ungeyasaga huku ukinung'unika. Mimi nayasaga kimya, na ndiyo maana wateja wanakukumbuka.

Nataka kukupa habari za mashine yako ya kusagia. Najua ungeiulizia hiyo kabla ya kuniulizia mimi. Nilikuwa nikikutania kwamba ni mke mwenzangu, nawe ukijibu, "Lakini yeye hanuni." Kila asubuhi uliweka ncha ya bisibisi penye beringi, pale chuma kinapozungukia, na mpini wake sikioni, ukafumba macho, kisha ukaniita nami nisikilize.

"Unaskia hapo ndani? Iko sawa leo."

Nami nilikujibu kwamba nasikia kelele tu, za injini na za wanawake wanaogombania foleni. Ulicheka. "Utaskia siku moja, Mama Shiru."

Basi nimesikia. Asubuhi moja wiki iliyopita niliichukua bisibisi yako, si kwa ufundi, ni kwa upweke tu, nikaiweka palepale. Ndani kulikuwa na kitu kinakwaruza, kama mchanga kwenye sufuria. Kwanza nilifurahi, kama mtoto aliyesoma neno lake la kwanza. Halafu nikaogopa.

Nilimwita Kiprono, yule fundi pekee uliyemruhusu kuigusa. Aliifungua, akatikisa kichwa.

"Mathe, beringi si shida, hiyo naeza badilisha. Shafti, hiki chuma kinazungusha kila kitu, ndio imelika. Naeza ichomelea tena, lakini ikikatika na watu wako hapa, hapo sijui."

Nilitaka aichomelee. Sikufichi kitu, nilitaka sana, maana mashine ile ikinguruma asubuhi naona kama uko, umetoka tu nje kidogo. Nikamwambia anipe siku ya kufikiri.

Nilichofikiria ni wale kina mama wanaosimama pale na ndoo zao, wengine na watoto mgongoni. Nikakumbuka na jinsi ulivyokuwa ukiizima jioni. Hukuwahi kuiacha ikimalizia mizunguko yake peke yake. Ulisimama mbele yake, mkono juu ya kifuniko, mpaka gurudumu litulie kabisa. "Ikizimwa bado inazunguka," ulikuwa ukisema. "Mtu asije akaweka mkono." Uliipenda mashine ile, Baba Shiru, lakini mikono ya watu uliipenda zaidi. Hapo nikajua ungesema nini.

Kesho inaletwa mashine mpya, ya umeme. Hii yako kuna mtu wa Salgaa aliitaka aichomelee akasagie watu wengine, nikamkatalia. Itaenda kwa watu wa skrapu, wale wa vyuma chakavu, ikatwe.

Jana nilisaga debe letu wenyewe likiwa la mwisho, nikaizima. Kiprono akaniambia, "Mathe, keti tu, mimi nitangoja inyamaze." Nikamwambia hapana. Nilisimama nayo, mkono juu ya kifuniko, vile nilivyosimama kando ya kitanda chako kule hospitalini, na sikuondoka mpaka ilipotulia.

Pumzika, mume wangu. Bisibisi nimebaki nayo. Hata hiyo mpya itahitaji mtu wa kuisikiliza.

Mkeo,
Mama Shiru