Aliyepita Bila Kusalimu

Lodwar, Turkana
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeketi jikoni, goti limepunguza kuuma na ukungu umekuachia jua la kutosha kuanika mahindi. Je, Baba Mdogo amemaliza kuezeka zizi? Na ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuchezea? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo na nimekuwa mweusi kama chungu. Mghoi, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Ukifika kwenye habari za ziwa, ngoja kwanza Bibi atoke nje, maana sitaki aanze kunililia.

Mama, uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nami nikakujibu juu juu tu. Leo nasema yote. Ninamsaidia Bwana Wafula, dresa wa zahanati, yaani msaidizi wa daktari. Watoto wengi wa huku wanaugua macho. Kope hujikunja kwa ndani zikakwaruza jicho mpaka likawa jeupe, na likishakuwa jeupe hakuna la kufanya. Kwa hiyo inabidi mtoto apakwe dawa mapema, tena kila siku, na dawa hiyo ndiyo ninayoisambaza kwa baisikeli. Baisikeli yenyewe, kengele yake na koti refu la kaki vilikuwa vya mwenzangu aliyenitangulia, mzee mmoja aliyefariki kwa homa akiwa kazini. Hilo niliambiwa nilipofika. Sikuuliza zaidi. Unanijua mimi na kuuliza.

Nina njia mbili. Moja ni ya Kakuma. Baisikeli hupandishwa juu ya lori, na tukifika huko nampakia Ekai, kijana wa pale pale, anakaa kwenye keria na sanduku la dawa mapajani, tunaingia vilimani. Ni mawe matupu, Mama, na vijia vya mbuzi. Kupanda tunasukuma, kushuka tunamwachia Mungu, kwa sababu breki ya mbele ilikufa zamani. Ekai anapaza sauti tangu mbali, "Ejok! Ejok!" Ndiyo salamu yao, na watu hujitokeza kila upande. Anasalimu mpaka mbuzi. Mimi napaka dawa na kutazama chini. Siku moja aliniambia, "Mwadime, wewe ukifa watu watajuaje? Hakutakuwa na tofauti." Tukacheka wote wawili.

Njia ya pili ni ya ziwa. Shuleni tulifundishwa kuliita Rudolf, sasa tunaambiwa ni Ziwa Turkana. Kutoka Kalokol kwenda juu mpaka Kataboi, kulia kwako ni maji ya kijani kama jani changa la mgomba, kushoto vilima vyeusi kana kwamba vimeungua asubuhi hiyo hiyo. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Upepo wa ziwani unakusukuma ubavuni, unaendesha umeinama upande mmoja kama aliyebeba ndoo. Huko Ekai haendi, ni mbali na kwao. Bwana Wafula alisema, "Huko ni kupaka tu, hakuna hotuba. Hata bubu kama wewe ataweza." Kisha akaacha mzaha. Karibu na Kataboi kuna mtoto anaitwa Akiru, aliwahi kuletwa Lodwar, jicho la kulia limeanza weupe. "Asipopakwa mfululizo, yote mawili yatakwenda," akasema. "Huyo usimkose."

Nami nilimkosa, Mama, safari baada ya safari.

Ile ya kwanza kabisa, wavuvi wawili waliniinulia mikono na kuita kitu. Uso nilikuwa nimeufunga kitambaa kwa ajili ya mchanga. Nikainamisha kichwa, nikapita. Baada ya hapo sikuona mtu tena. Nafika kwenye manyata, moto unafuka, kibuyu kimeanguka na maziwa bado yanatiririka, ngozi ya kulalia ina bonde pale mtu alipokuwa ameketi. Naigusa, ina joto. Mtu hayupo. Jua liko utosini, hakuna hata kivuli cha kujifichia. Kwa mbali niliona watu warefu wanatembea juu ya maji, nikapiga kengele, wakayeyuka.

Kisha akatokea mbwa, mbwa mwekundu mwembamba. Alinusa gurudumu, akatikisa mkia, akatangulia mbele yangu. Nilidhani ananisindikiza, kumbe mimi ndiye niliyemfuata. Katika kila manyata nilipotakiwa kusimama, alikuwa amekwisha kulala langoni kabla sijashika breki. Aliijua njia yangu kuliko mimi.

Safari iliyofuata nilikuta alama za tairi zangu za zamani bado ziko mchangani. Pale zilipoingia katika kila boma, mtu alikuwa amepanga mawe madogo kukatisha alama, jiwe kando ya jiwe, kwa uangalifu. Tyubu za dawa nilizokuwa nimetundika kwenye ua wa miiba zilikuwa pale pale. Hazikuguswa. Nazo zimezungushiwa mawe.

Sasa nikuambie jambo la aibu. Niliogopa, lakini ndani ya hofu kulikuwa na nafuu. Kama watu hawapo, silazimiki kusema neno. Nikatundika dawa nyingine, nikarudi Lodwar, nikamwambia Bwana Wafula, "Wamehama na mifugo." Akanitazama. "Hata Akiru?" Nikasema hata Akiru. Usiku ule sikula.

Juzi nikaenda tena bila kutumwa. Kabla ya Kataboi mwiba wa mgunga ulipenya tairi la nyuma, pampu nimeisahau. Nikajaza majani makavu ndani ya tairi kama wanavyofanya huku, nikasukuma. Nilipofika kwa kina Akiru, boma lilikuwa tupu kama kawaida, moto unafuka. Mbwa akalala langoni.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya bibi kizee. Alikuwa ameketi kando ya kibanda cha makuti ya mikoma, miguu imenyooka mbele, macho yote mawili meupe kama maziwa. Amemshika mtoto wa kike kifuani, mtoto amefumba macho, nzi wamejaa kopeni. Wengine walikuwa wamekimbia. Hawa wawili hawakuona cha kukimbia.

Nikanyamaza. Ni mazoea tu, Mama.

"Mimi nasikia gurudumu," akasema. Kiswahili alikiokota Lodwar alipokuwa akiuza vikapu. "Wewe nakuja hapa kila mara. Watu nasema ejok, wewe napita. Hii kengele ni ya mzee ya dawa. Mzee alikufa, sisi naweka yeye hapo njiani, chini ya mawe. Sasa kengele nalia, koti napita, mdomo hapana. Watu nakimbia, naweka mawe yeye hapana ingia. Kama si yeye, nani?"

Hapo ndipo nywele ziliponisimama, Mama. Muda wote nilikuwa natafuta kitu kinachotisha kwenye ile njia, na kitu chenyewe kilikuwa kimekaa juu ya kiti cha baisikeli.

"Lete mkono," akasema. Nikampa. Akapapasa kiganja, akapanda mpaka shingoni, akanusa vidole vyake. "Jasho. Mfu hana jasho. Basi salimu watu. Wako pale kwa miti ya miiba."

"Nisalimu vipi?"

"Na mdomo. Uko na ingine?"

Nikafungua kitambaa usoni. Nikasimama katikati ya boma, nikaielekea ile miti ya miiba, nikasema ejok. Haikutoka. Nikasema tena kwa nguvu zangu zote. Kisha nyuma ya miti mwanamume akasema kitu, na kicheko kikapita kichaka hadi kichaka.

"Anasema sauti yako kama mbuzi amemeza kamba," bibi akanifasiria. "Anasema yule mfu nasalimu vizuri kuliko wewe."

Wakatoka mmoja mmoja. Nilimpaka Akiru mbele yao wote. Jicho la kushoto bado ni zima, la kulia sijui. Bibi yake alitaka kujua tyubu inaminywaje, nikamwonyesha kwa vidole, na sasa yeye ndiye atakayempaka kila siku. Hahitaji kuona. Bwana Wafula nimemwambia ukweli wote. Akasema, "Haya, rudi huko, na uende ukiongea."

Lakini kuna lingine, na hili hata yeye sijamwambia. Wakati wa kurudi nilipita kwenye lile rundo la mawe kando ya ziwa. Mara ngapi nimeegemeza baisikeli pale nikanywa maji, nisijue kuwa chini yake amelala yule mzee. Kila apitaye husimama, huongeza jiwe na kusalimu. Nikaokota jiwe, nikaliweka. Upepo ulikuwa umetulia, maji hayatikisiki. Nikasema, "Ejok."

"Salama," ikajibu sauti.

Ilikuwa ya chini, ya mtu mzima, kama ya mtu aliyeitwa akiwa na shughuli zake. Niligeuka pande zote. Mbwa alikuwa amelala kando ya mawe. Aliinua kichwa akatikisa mkia, na hakuwa akinitazama mimi.

Nilitaka kukimbia. Lakini ulinifundisha kwamba salamu haikatwi katikati. Nikauliza habari za kazi. Nikasema, "Akiru amepakwa, mzee." Kisha nikasukuma baisikeli yangu taratibu. Mbwa alibaki pale.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, mwalimu wangu wa zamani, fundi aliyenishonea kaptula, na shangazi anayeuza maziwa barabarani, ambaye nilikuwa nikimkwepa kwa kupitia mahindini. Bibi mwambie nakula vizuri. Mghoi asome.

Na ufike kwa Baba, nyuma ya jiko, umsalimie kwa niaba yangu. Tangu tumzike nimekuwa nikizunguka mbali nisipaone pale. Nikija likizo nitapitia hapo hapo, na nitasimama.

Ni mimi mwanao,
Mwadime