Pafu la Bimdogo

Jumanne, 3 Agosti 1971
Wamerudi! Kwa ndege, eti. Mimi miaka yote naenda Dar kwa gari moshi, daraja la tatu, masizi puani. Bimdogo, mke mwenzangu wa juzijuzi, bwana wetu Muhanna alipokwenda Dar kufuatilia nyumba yetu iliyotaifishwa — huyoo, kapandishwa ndege! Kashuka ameshika ubavu. Unamchoma, pumzi haivutiki. Leo zamu yangu, na bwana yuko chumbani kwa Bimdogo anampepea. Deko tupu.

Alhamisi, 5 Agosti
Midomo imempauka. Nimempeleka hospitali mimi; wodi ya wanawake wanaume wanaishia mlangoni. Daktari Tobias kampiga picha ya kifua. Si deko. Pafu limetoboka, hewa imevuja ikakaa kifuani. Ni nadra, kasema, ila huwapata hawa warefu wembamba, na safari ya ndege inaweza kulichochea. Apumzike, litaziba lenyewe. Lakini asipande ndege kabisa mpaka apone! Kule juu ile hewa inatanuka, inaweza kumuua. Kaniambia mimi peke yangu.

Hata maradhi kapata ya ndege. Mimi yangu malaria tu, kama kila mtu.

Ijumaa, 6 Agosti
Muhanna kakata tiketi. Kesho anampeleka Dar kwa daktari bingwa. Kwa ndege.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimesema! Mbele ya mama mkwe. Muhanna kacheka — wiki nzima nimenuna kwa sababu ya ndege, leo daktari naye kaikataza ndege? Mama mkwe kasonya: mke mkubwa mzima, wivu mpaka kwa mgonjwa! Wakamuulize daktari — hayupo, kaenda Urambo kwenye vijiji vya ujamaa. Sasa nani ataniamini? Ningekuwa Muhanna, hata mimi nisingeniamini.

Nimeingia kwa Bimdogo, nikakomea mlango. Kashavaa baibui. Naandika nimekalia sanduku lake. Muhanna anagonga, ananiita mwendawazimu. Teksi inapiga honi.

Bimdogo kaniuliza, neno moja pumzi moja: Dada Saleha, ni kweli au ni wivu?

Vyote viwili, nimemwambia.

Ananitazama. Kiatu kimoja kakivaa, kingine kiko mkononi.